Nyoka wa Vijito vya Hainan: Jina, Mwili na Ukoo

  Anayealikwa kuzungumza juu ya nyoka hutarajiwa aeleze sumu na namna ya kumsaidia aliyeumwa. Nyoka wangu wa leo hana sumu ya kumdhuru mtu. Anaishi mbali, katika vijito vya milimani kusini mwa China, Vietnam, Laos na Kambodia, na wengi wetu hatutamwona maisha yetu yote. Hata hivyo historia ya jina lake ina somo ambalo sijaliona wazi hivyo kwingineko.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba jina la kisayansi la kiumbe ni dai juu ya ukoo wake, na kwamba kwa mnyama aliyefinyangwa na maji yaendayo kasi, umbo pekee si shahidi wa kutosha wa dai hilo. Nitaleta hoja nne. Ya kwanza na ya pili zitachukua muda. Ya tatu ni fupi. Ya nne itatuleta Pemba.

Hoja ya kwanza: jina ni dai, na dai linaweza kukaa kimakosa kwa miaka mingi.

Mwaka 1895 Edward Drinker Cope, mtaalamu wa Philadelphia nchini Marekani, alichapisha maelezo ya wanyama watambaao na vyura waliotoka katika kisiwa cha Hainan. Wengi wanamjua Cope kwa mifupa ya dainosaria na kwa ugomvi wake mrefu na Othniel Charles Marsh, lakini nyoka, mijusi, vyura na samaki walimshughulisha maisha yake yote. Miongoni mwa vielelezo hivyo vya Hainan alimkuta nyoka mwenye pete nyeusi zinazouzunguka mwili, na katikati ya pete hizo rangi ya manjano au ya machungwa. Hakuona jenasi yoyote inayomfaa. Akamtungia mpya, akamwita Trimerodytes balteatus. Miaka miwili baadaye Cope alifariki, na jenasi yake haikudumu.

Ili mwelewe kwa nini haikudumu, inafaa tuzungumze kidogo juu ya jenasi nyingine, Opisthotropis, iliyoanzishwa na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1872. Katika miongo iliyofuata, kila aliyepelekewa nyoka mdogo wa kijito kutoka Asia ya Mashariki alidhani amepata kitu kipya kabisa. Boulenger, wa makumbusho hayo hayo ya Günther, alipata mmoja wa Hong Kong mwaka 1888 akamtungia jenasi Calamohydrus. Mocquard wa Paris alipata mmoja wa Borneo mwaka 1890 akamwita Helicopsoides. Boulenger huyo huyo, mwaka 1899, akatunga Tapinophis. Waliokuja baadaye walipowalinganisha wote, waliona kwamba hawa ni ndugu, wakawakusanya chini ya jina la Günther lililotangulia. Ilikuwa kazi nzuri na ya lazima. Ila katika mkusanyo huo nyoka wa Cope naye akaingizwa humo, kwa kuwa alikuwa na kichwa kama chao, macho madogo kama yao, na makazi yale yale. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vilimwita Opisthotropis balteata.

Mwaka 2019 kundi la watafiti wa China na Vietnam lilichapisha matokeo ya kusoma mfuatano wa DNA wa nyoka huyu na kuulinganisha na wa jamaa zake. Hakukaa na Opisthotropis. Alikaa pamoja na nyoka wa majini wa China ambao kwa miaka 42 walikuwa wameitwa Sinonatrix.

Ndugu zangu wanasheria mliopo humu ukumbini, naomba mnisikilize hapa, maana hili ni jambo la sheria hasa. Majina ya wanyama yanaongozwa na kanuni za kimataifa, na msingi wake mkuu ni kwamba jina halali lililotangulia ndilo linaloshinda, tukianzia na kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Sinonatrix ilitungwa na Rossman na Eberle mwaka 1977. Trimerodytes ilitungwa na Cope mwaka 1895. Ikithibitika kwamba wote ni jenasi moja, haijalishi kwamba jina la 1977 limezoeleka na limejaa katika vitabu vya shule na vya madaktari, wala haijalishi kwamba la Cope lilikuwa limeachwa. La Cope linarudi. Kwa hiyo nyoka mmoja aliyehamishwa alibadilisha majina ya jenasi nzima: yule aliyeelezwa na Hallowell mwaka 1856 kutoka Ningpo sasa ni Trimerodytes annularis, na yule aliyeelezwa na Barbour mwaka 1908 kutoka Hainan ni Trimerodytes aequifasciatus.

Wako wanaokasirishwa na mabadiliko haya, na nawaelewa, hasa walimu wanaolazimika kufuta ubao na kuandika upya. Lakini kulibakiza jina lililozoeleka hali tunajua linadai ukoo usiokuwapo ni kuwafundisha wanafunzi jambo ambalo sisi wenyewe hatuliamini.

Hoja ya pili: kijito huufinyanga mwili.

Kwa nini basi watu makini, waliohesabu magamba moja moja chini ya kioo cha kukuza, walimweka nyoka huyu mahali pasipo pake? Jibu liko majini. Fikirieni kijito cha mlimani: maji baridi, safi, yanayoporomoka juu ya mawe, yenye mashimo madogo yaliyotulia hapa na pale. Chakula kiko chini ya mawe: kamba wadogo wa maji baridi, viluwiluwi, samaki wadogo, nyungunyungu kwenye matope ya kingo. Nyoka anayetaka kuishi humo lazima aingie katika nyufa, kwa hiyo kichwa kipana kilichotengana na shingo ni mzigo. Chini ya jiwe, usiku, jicho kubwa halina faida kubwa. Lakini nyoka hana matamvua. Lazima apande kuvuta hewa, na afadhali aivute bila kuutoa mwili wote nje. Matundu ya pua yaliyoelekea juu yanamwezesha kutoa ncha ya pua tu.

Basi kila ukoo wa nyoka unaoingia katika maisha hayo huelekea umbo hilo hilo. Sisi watu wa pwani hili halitushangazi. Tunawajua papa na pomboo: wote wana pezi mgongoni, wote wana mwili uliochongoka mbele na nyuma, na hakuna mvuvi anayesema ni ndugu, kwa sababu mmoja ana matamvua na mwenzake huja juu kupumua na kunyonyesha mtoto wake. Kwa pomboo tofauti ziko wazi. Kwa nyoka wawili wa kundi moja kubwa liitwalo Natricinae, ambao hata mababu zao walifanana, tofauti ni ndogo mno, na mfanano ulioletwa na maji unaweza kuzifunika.

Kuna mahali ambapo jambo hili linaonekana kana kwamba limeandaliwa kwa ajili ya darasa. Kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Fujian, katika milima ya Wuyi, kuna kijiji kidogo kilichojulikana kwa wakusanyaji kwa jina la Kuatun. Siku hizi huandikwa Guadun. Padri Armand David alifika huko mwaka 1873. Baadaye alikuja John David Digues La Touche, mtumishi wa idara ya forodha ya China aliyependa ndege na nyoka, akapeleka vielelezo London. Boulenger alivieleza mwaka 1899, na katika makala moja hiyo hiyo, kutoka kijiji kimoja hicho hicho, akaeleza nyoka wawili wapya wa vijito. Mmoja, latouchii, aliyepewa jina la mkusanyaji, leo ni wa jenasi Opisthotropis. Wa pili, percarinatus, leo ni Trimerodytes. Kisha Clifford Pope wa Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Viumbe akaongeza wa tatu kutoka huko huko mwaka 1928, Opisthotropis kuatunensis. Milima ile ile imebeba koo mbili za nyoka wa kijito, kila mmoja kwa historia yake.

Naona kijana mmoja huko nyuma ameinua mkono mapema. Nadhani najua anachotaka kuuliza. Anataka kuuliza: je, basi magamba hayana maana, tuyaache tusome DNA tu? Hapana. DNA ya nyoka asiye na kielelezo makumbushoni, asiye na mahali alipotoka palipoandikwa sawasawa, haitufikishi mbali. Tena, baada ya matokeo ya 2019, mtu akirudi kumtazama nyoka wa Cope kwa macho mapya, anaona jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo: zile pete. Annularis ana pete, aequifasciatus ana pete, percarinatus ana pete. Mwili ulikuwa umesema. Wataalamu walisikiliza kichwa wakaacha kusikiliza mgongo na tumbo. Ustadi wa kuutazama mwili haujapungua thamani. Umeongezeka, kwa sababu sasa tunaweza kujua ni alama ipi imeletwa na kijito na ipi imerithiwa.

Pete hizo zina upande mwingine, nao ni wa kusikitisha. Katika nchi hizo hizo yuko Bungarus multicinctus, nyoka mwenye pete nyeusi na nyeupe, ambaye sumu yake huua. Mtu anayekutana usiku na nyoka mwenye pete kando ya maji hangoji kuuliza ni yupi. Hapa elimu ya uainishaji inaokoa maisha pande zote mbili: ya mtu, kwa kumfundisha amwogope nani, na ya nyoka asiye na kosa.

Hoja ya tatu: maisha ya nyoka yanatukumbusha tusiharakishe kujumlisha.

Mtu angetarajia kwamba jenasi ndogo kama Trimerodytes iwe na namna moja ya kuzaa. Haina. Percarinatus hutaga mayai, na annularis huzaa watoto walio hai. Ndugu zao wa mbali wa Amerika Kaskazini, wa jenasi Nerodia na Thamnophis, wote huzaa watoto walio hai. Kwa hiyo namna ya kuzaa, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa alama nzito ya ukoo, nayo inabadilika kwa wepesi kuliko tulivyodhani. Na katika kundi hilo hilo la Natricinae wako Rhabdophis, ambao baadhi yao wameua watu kwa kuuma, na ambao hula vyura wa aina ya chura-kovu, kisha huihifadhi sumu ya vyura hao katika tezi za shingoni mwao. Kundi ni moja. Nyoka wa kijito asiye na madhara na nyoka anayevaa sumu ya mawindo yake wanaweza kuwa majirani katika bonde moja. Anayesema kwamba nyoka wa majini hawana sumu anasema jambo la hatari.

Hoja ya nne: ukoo huu umefika kwetu.

Hapa naomba niseme na Wapemba hasa. Mwaka 1935 Pope alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya wanyama watambaao wa China, na ndani yake nyoka wa Ningpo anaitwa Natrix annularis. Mwaka huo huo Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia Harvard, alieleza nyoka mdogo wa sehemu za majimaji za kisiwa cha Pemba, akamwita Natrix olivaceus pembanus. Tazameni: katika vitabu vya mwaka mmoja, nyoka wa vijito vya China na nyoka wa Pemba walikuwa wa jenasi moja. Natrix ya wakati ule ilikuwa ghala kubwa. Kila nyoka wa majini wa Ulaya, Asia, Afrika na Amerika asiyekuwa na mahali pake aliingizwa humo.

Ghala hilo lilifunguliwa kidogo kidogo. Loveridge mwenyewe aliwatoa hawa wadogo wa Afrika mwaka 1953 na kuwapa jenasi Natriciteres. Malnate aligawa sehemu kubwa ya waliobaki mwaka 1960. Rossman na Eberle, mwaka 1977, waliwatoa Wachina kwa jina la Sinonatrix na mmoja wa Afrika Magharibi kwa jina la Afronatrix. Leo nyoka wa Pemba anaitwa Natriciteres pembana. Si wa jenasi moja na nyoka wa Hainan, lakini wote wawili ni wa Natricinae, kundi ambalo wataalamu wanaona asili yake ni Asia, na ambalo matawi yake yalivuka kwenda Amerika kupitia Beringia, nchi kavu ya zamani iliyounganisha Asia na Amerika, na mengine yakafika Afrika na hata Ushelisheli. Nyoka wetu wa Natriciteres wana desturi ambayo wengine wengi hawana: mmoja wao akishikwa mkia, huweza kuuacha mkononi mwa adui na kukimbia, na hauoti tena. Wanafunzi wa Chake Chake wanaojifunza mageuko ya viumbe kwa mifano ya visiwa vya Galápagos wana mfano wao shambani kwao, na ningependa wafundishwe huo kwanza.

Sasa niseme yanayotukabili.

Vijito vya Asia ya kusini-mashariki vinabadilishwa kwa kasi. Bwawa likijengwa, maji yaliyokuwa yakiporomoka hutulia, mchanga hufunika mawe, na nyoka aliyeumbika kwa ajili ya nyufa hana nyufa tena. Wengine huliwa. Katika ziwa la Tonle Sap huko Kambodia, watafiti walikadiria katika makala ya mwaka 2007 kwamba nyoka wa majini karibu milioni 7 walikuwa wakivuliwa kwa mwaka. Hao si wa vijito, wengi wao si wa kundi hili, lakini kiasi hicho kinatuonyesha jinsi soko linavyoweza kuwafikia nyoka ambao hakuna aliyewahesabu. Tarehe 24 Februari 2020 Kamati ya Kudumu ya Bunge la China iliamua kupiga marufuku ulaji wa wanyamapori wa nchi kavu, na mwaka 2021 Hainan ilipata hifadhi ya taifa ya msitu wa mvua. Hatua hizi ni kubwa, na nafuu yake kwa vijito itategemea namna zitakavyosimamiwa katika mabonde madogo yasiyotembelewa na watalii.

Nayo majina bado yanaendelea kutolewa. Jenasi Opisthotropis pekee ina spishi zaidi ya 20, na nyingi zimeelezwa katika karne hii. Mwaka 2008 ilitoka moja ya mlima Tam Đảo kaskazini mwa Vietnam. 2013 moja ya kisiwa cha Shangchuan huko Guangdong. 2017 moja ya Shenzhen, mji wenye mamilioni ya watu, viwanda na majengo marefu. Kwamba nyoka asiyejulikana aliweza kuishi katika vijito vya vilima vya Shenzhen hadi siku hizi kunapaswa kuwapa moyo wanafunzi wanaodhani kila kitu kimekwisha kugunduliwa. Tena waliozieleza spishi hizo za karibuni, tofauti na zama za Boulenger na Cope, wengi ni watu wa nchi zenyewe, wakishirikiana na wageni. Baadhi ya spishi za Vietnam zina majina ya wataalamu wa Vietnam, kama daovantieni wa mwaka 1998, kwa heshima ya Đào Văn Tiến.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tunahitaji vijana wetu wafanye vivyo hivyo kwa Natriciteres. Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi kuianza. Inahitaji vielelezo vichache vilivyokusanywa kwa kibali, kila kimoja na tarehe, kijiji na maji alimoonekana. Kipande kidogo cha ini au cha misuli kilichowekwa katika ethanoli kabla ya mwili kutiwa formalini, kwa sababu formalini huiharibu DNA. Na picha za rangi za mnyama akiwa hai, kwa kuwa rangi hupotea chupani. Vielelezo vya Loveridge viko Harvard, na makumbusho hujibu barua. Tuwalinganishe wa Pemba na wa Usambara, na wa pwani ya Kenya, na wa Pugu, tuone kama jina tulilo nalo linasema kweli. Na tuanze kabla ya mvua za masika, wakati mabwawa ya Pemba yanapojaa na vyura wanapoanza kulia, maana nyoka hawa huwafuata.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Yule kijana aliyeinua mkono apewe nafasi ya kwanza.